Jumapili Bila Kreti

Siku sita mimi ni wa mikate.
Kreti tatu nyuma, moja mbele,
zimekazwa kwa mpira wa tairi kuukuu,
na kila duka la Kangemi hunijua kwa kengele
kabla halijanijua kwa jina.

Leo keria ni tupu.
Mutheu aligeuka kitandani akauliza,
"Unaenda wapi na hakuna mkate?"
Sikuwa na jibu la mtu mzima.
Nikasema, naenda kuona barabara.
"Si unaiona kila siku?"
Naiona, mama watoto, kwa pembe ya jicho,
nikihesabu mashimo, nikihesabu chenji.

Saa kumi na mbili kasoro, baridi ya Julai.
Naiacha Mwimuto nyuma, navuka kijito,
napanda ng'ambo nikiwa nimesimama juu ya pedali,
na hii Blakimamba, chuma cha mababu,
inalia kama mlango wa jikoni kwetu.
Wangige haijapanga mayai yake bado.
Kisha njia nyembamba ya lami, na

kimya.

Si kimya cha kukosa sauti.
Mtungi wa maziwa unagonga mwenzake,
jogoo fulani amechelewa kazini,
nepia inasuguana nyuma ya ua wa kayaba,
na tairi zangu mbili zinasemezana na lami
maneno ambayo siku zote yalizibwa na mikate.

Vilima vya huku havina hasira.
Kimoja kinakupa mgongo, cha pili kinakupa kifua;
unapanda ukitukana, unashuka ukiomba radhi.
Ila nilishangaa: bila mzigo
usukani ulitikisika kama mtoto anayejifunza kusimama.
Miaka kumi na mmoja uzito umenishika wima,
nami nikidhani ndimi niliyeushika.
Pale Nyathuna nikateremka,
nikaokota jiwe, kiasi cha mikate miwili,
nikalifunga nyuma.
Usinicheke.

Kabla ya Ngecha wakanipita,
watu kumi na wawili, kaptura za kubana,
miwani ya rangi ya petroli iliyomwagika,
baiskeli nyembamba kama miiba ya samaki.
"Sasa, mzee!"
Upepo wao ukanisogeza kando.
Kona mbili mbele nikamkuta mmoja wao
ameketi nyasini, gurudumu mapajani,
pampu anayo, kiraka hana.
Kwamboka, alisema, wa benki.
Nikatoa msasa, solushe,
kipande cha tyubu nilichokikata mviringo.
Tundu tulilitafuta kwa maji ya chupa yake
mpaka likajitaja lenyewe kwa mapovu.
Akanyoosha noti. Leo siuzi kitu, nikamwambia.
Akatazama keria. "Na hilo jiwe?"
"Hilo ni abiria."

Tukapanda pamoja hadi majani chai yanapoanza,
yeye akijizuia, mimi nikijikaza,
hatuna la kuongea, pumzi zimetuisha.
Kijani kilikuwa kimekatwa sawasawa,
kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi,
na ukungu unakipangusa polepole.
Akaniaga kwa kidole kimoja, akatoweka.

Kurudi ni mteremko.
Mteremko, kona, mteremko,
breki zinanuka, machozi ya baridi yanakimbilia masikioni,
shati limejaa kama gunia,
na mimi, baba wa watoto watatu,
nikapiga kengele pasipo na mtu
mara nne, mara tano,
ng'ombe mmoja akainua kichwa.

Mutheu alikuwa anaanua nguo.
"Umeniletea nini?"
Nikampa jiwe.
Akaligeuza, akalipima kiganjani,
akaliweka juu ya mfuniko wa pipa la maji,
ule unaopeperushwa kila jioni.
Akarudi kwenye kamba ya nguo.
Halafu, bila kunitazama, akauliza:
"Hiyo keria inabeba kilo ngapi?"